Anza na Visigino: Namna ya Kupima Huduma ya Makao ya Wazee

Wanaoniuliza kuhusu makao ya wazee karibu wote huanza na jengo. Ni pasafi? Pana maji? Vyumba vina choo ndani? Ni maswali halali, kwa sababu hakuna mzee anayestahili kukaa penye giza na harufu ya mkojo. Lakini baada ya miaka mingi ya uuguzi wa wazee naamini kwamba jengo ndicho kitu chepesi kuliko vyote kukiona, na ndicho kinachokuambia machache kuliko vyote. Vigae hulipiwa mara moja. Mlezi wa kumgeuza mzee aliyepooza saa tisa usiku hulipiwa kila mwezi, na hakuna mgeni anayekuja saa hiyo kumwona akifanya kazi.

Swali hili sasa linagonga milango mingi. Watoto wako Nairobi, Doha au Minnesota, mama yuko peke yake na kiharusi, na msichana wa kazi ameshaaga mara mbili. Kenya ina makao ya makanisa na ya watawa ya tangu zamani, na katika miji mikubwa yameongezeka ya binafsi yanayolipiwa kwa mwezi. Tanzania Bara ina makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga na Bukumbi Mwanza, ambayo kwa kawaida hupokea wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Unguja kuna Sebleni na Welezo. Kama ni sawa au si sawa kumpeleka mzazi huko, sitaingia katika mjadala huo. Aliyemnyanyua mtu mzima wa kilo 80 kitandani, peke yake, kila siku kwa miaka mitatu, hahitaji kuhubiriwa na yeyote. Anachohitaji ni kujua akimpeleka, atajuaje kwamba anatunzwa.

Wanaopima ubora wa huduma za afya duniani kote bado wanategemea makala ya mwaka 1966 ya daktari Avedis Donabedian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut na kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alitaka tutazame mambo matatu. La kwanza ni vilivyopo: majengo, vifaa, idadi ya wafanyakazi na ujuzi wao. La pili ni yanayotendeka: je, mgonjwa anafanyiwa yale yanayompasa, na yanafanywa ipasavyo? La tatu ni matokeo: mwili na maisha ya mtu yamekuwaje baada ya hayo yote? Hakuna hata moja linalotosha peke yake. Makao yenye vitanda vya umeme yanaweza kuwa na wazee wenye vidonda. Na makao yenye vidonda vingi yanaweza kuwa yale yenye moyo wa kupokea wazee waliotoka hospitali, au nyumbani kwao, mgongo ukiwa umeshaharibika. Mpimaji mzuri huyasoma yote matatu kwa pamoja. Ushauri wangu kwa asiye mtaalamu ni kwamba aanze na la mwisho. Aanze na mwili.

Anza na visigino. Ukimtembelea mzee asiyeweza kujigeuza, omba idhini yake, funua shuka upande wa miguuni na uinue mguu taratibu. Kisigino, na ule mfupa wa chini ya mgongo pale juu ya makalio, ndizo sehemu zinazotangulia kuharibika. Hufuata nyonga, mabega, kisogo, na hata masikio kwa mzee anayelala upande mmoja. Hapo mfupa uko karibu sana na ngozi. Uzito wa mwili ukibana mishipa midogo ya damu kwa saa kadhaa bila kuachia, nyama hukosa damu na kuanza kufa. Hivyo ndivyo vinavyoanza vidonda vya mgandamizo, ambavyo majumbani tunaviita vidonda vya kulala. Vina daraja nne, kuanzia ngozi ambayo bado haijachanika hadi shimo linaloonyesha nyama ya ndani au mfupa.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa vizuri darasani. Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, kwa hiyo hukuambia utafute wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Mlezi anayeusubiri atakuja kugundua kidonda kikiwa kimeshafunguka. Kwa wazee wetu, tumia mgongo wa mkono wako. Gusa kisigino cha kushoto, kisha cha kulia. Je, kimoja kina joto au ubaridi kuliko kingine? Ni kigumu kama ngozi ya ngoma, au kimelegea tepetepe kama tunda lililoiva mno? Rangi imekolea weusi kuliko ngozi ya jirani, au imeelekea zambarau? Mzee anashtuka ukikigusa? Lolote kati ya hayo ni ishara ya onyo, na kabla ngozi haijafunguka dawa kubwa ni kuondoa mgandamizo: mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, na kugeuzwa. Ngozi ikishafunguka, unazungumzia wiki nyingi za kuosha kidonda, mara nyingine miezi, na kwa mzee dhaifu, kifo.

Makao yanayojua kazi yake hayasubiri dalili. Mwaka 1987 wauguzi wawili wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, walichapisha kipimo ambacho muuguzi yeyote anaweza kukijaza kwa kalamu. Kinatazama mambo sita: kama mzee anahisi maumivu ya kubanwa, ngozi yake ina unyevu kiasi gani, anatoka kitandani kiasi gani, anaweza kujigeuza mwenyewe, anakula vipi, na mwili wake unaburutika kiasi gani kwenye shuka. Alama huanzia 6 hadi 23. Mzee mwenye 18 au chini yake yuko hatarini na anapaswa kuwa na mpango wake wa kugeuzwa. Omba kuona karatasi hiyo, au nyingine ya namna hiyo, kwenye faili la mzazi wako. Kama hakuna mtu aliyewahi kuijaza, basi vidonda hapo vinazuiwa kwa bahati.

Cha pili ni mizani. Mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, ana tatizo linalotaka uchunguzi. Kwa mzee wa kilo 60 hizo ni kilo tatu kwa mwezi, au sita kwa nusu mwaka. Uliza anapimwa lini na namba zimeandikwa wapi. Makao mengi yatakuonyesha mizani. Machache yatakuonyesha namba za miezi sita mfululizo. Kama hakuna namba, mwili wenyewe unasema: pete inachomoka kidoleni, meno ya bandia yanacheza mdomoni, kanzu aliyoshonewa mwaka jana sasa inampwaya mabegani.

Kupungua huko mara nyingi hakuanzii jikoni. Kunaanzia kati ya sahani na mdomo. Katika makao fulani niliyoombwa kuyatazama, chakula cha jioni kililetwa mapema, jua bado liko juu. Kilikuwa chakula kizuri, wali na maharage na mchicha, kimepikwa na mtu anayejua kupika. Mzee mmoja aliyepooza mkono wa kulia aliwekewa sahani kwenye meza ya pembeni, kijiko upande wa kulia. Akaitazama. Baada ya muda mhudumu akapita akikusanya vyombo, akamuuliza, "Umeshiba, mzee?" Naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ya mtu ambaye maisha yake yote hakupenda kusumbua watu. Sahani ikaondoka imejaa. Baadaye nilipofungua daftari la siku hiyo nikakuta pameandikwa: amekula vizuri.

Sina shaka kwamba mhudumu yule hakukusudia kudanganya. Alikuwa na sahani nyingine nyingi za kukusanya. Lakini ndiyo sababu nasisitiza kuanza na mwili kabla ya daftari. Daftari huandikwa na aliye kazini, mwisho wa zamu, akiwa amechoka, na mara nyingi akijua kuna atakayelikagua. Mwili hauandikwi na mtu. Kwa hiyo nenda wakati wa chakula, ukae, uhesabu wazee wanaohitaji kulishwa, kisha uhesabu mikono inayolisha. Kumlisha vizuri mzee mwenye shida ya kumeza, akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, kunaweza kuchukua nusu saa. Akilishwa haraka chakula kinaingia njia ya hewa, na nimonia inayofuata huua.

Maji nayo yasisahaulike. Uzeeni kiu hupungua hata mwili unapokuwa mkavu, kwa hiyo mzee hataomba. Ulimi uliokauka, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mtu aliyekuwa timamu juzi, hizo ni dalili za kuharakisha. Tazama bilauri iko wapi. Bilauri iliyojaa kwenye rafu asiyoifikia haimsaidii chochote. Na kama mzazi wako amewekewa mpira wa mkojo, uliza kwa nini, tangu lini, na utatolewa lini. Iko sababu ya kitabibu ya kuuweka, lakini pia huwekwa ili walezi wasisumbuke kubadili nepi, na kila siku unaobaki ndani huongeza hatari ya maambukizi.

Sasa njoo kwenye usiku. Mwenye makao akikuambia wazee wasiojiweza wanageuzwa kila baada ya saa mbili, usibishane naye. Uliza tu idadi ya walezi wa zamu ya usiku, halafu piga hesabu. Chukua wazee 15 na mlezi mmoja, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Tuseme wanane kati yao hawawezi kujigeuza. Mara sita kwa kila mmoja ni mara 48. Kugeuza, kutazama ngozi, kubadili nepi iliyolowa na kumlaza mtu vizuri huchukua kama dakika kumi kwa mlezi mwepesi. Hizo ni dakika 480, saa nane kati ya kumi na mbili, na bado hajampeleka mtu chooni, hajaitikia anayeita, hajampa mtu maji, hajafua shuka, hajaketi chini hata mara moja. Tena mtu mzima mzito hageuzwi na mtu mmoja bila kuburutwa, na kuburutwa ndiko kunakochuna ngozi. Ni kweli kwamba penye godoro zuri baadhi ya wazee wanaweza kukaa zaidi ya saa mbili, na mpango bora humtazama kila mtu kivyake. Hata hivyo hesabu ile haitoki. Ahadi imetolewa na mtu anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba haiwezekani.

Kwa maoni yangu idadi ya walezi wa usiku ndiyo namba moja iliyo muhimu kuliko zote unazoweza kupewa, na inafuatwa na nyingine: mlezi wa zamani kuliko wote ana muda gani hapo? Penye mishahara duni na manyanyaso walezi hawakai. Kila anayeondoka huondoka na ujuzi kwamba bibi wa kitanda cha tatu humeza dawa kwa uji tu, kwamba babu wa dirishani akianza kuvuta shati anataka choo. Ukimtendea mlezi vibaya, atakayeumia wa kwanza ni mzee.

Walezi wakiwa wachache, hutafutwa njia ya kuwafanya wazee watulie. Zamani walifungwa kwenye viti na vitanda, na kwingine bado wanafungwa, kwa kanga, kwa mkanda, au kwa meza ya kiti iliyokazwa isifunguke. Siku hizi mara nyingi zaidi ni kidonge. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anazurura usiku na kupiga kelele. Anapewa diazepamu au dawa ya wagonjwa wa akili kama haloperidoli, na mchana mgeni anamkuta amekaa kimya, amesafishwa, kichwa kimeinama. Wageni huondoka wakisema, "Hapa wazee wametulia." Mimi utulivu wa namna hiyo hunitia hofu. Diazepamu hukaa muda mrefu katika mwili wa mzee, humwangusha na kumchanganya zaidi. Ni miongoni mwa dawa zilizomo katika orodha ambayo daktari Mark Beers aliianzisha mwaka 1991, ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo kwa kadiri inavyowezekana. Kwa kila kidonge, uliza: ni cha nini, aliyekiandika ni nani, amekiandika lini, na kitapunguzwa lini. Makelele ya mzee huyo yana sababu mara nyingi: choo kigumu, jino, kiu, maumivu ya goti, woga wa giza. Kidonge huinyamazisha sauti na kuiacha sababu palepale.

Kuanguka, kwa upande wake, ni kipimo kinachohitaji busara. Mwenye makao akijigamba kwamba hajawahi kuanguka mtu hata mmoja, uliza wangapi wanatembea. Njia rahisi ya kuzuia watu wasianguke ni kutowaruhusu kusimama, na mzee aliyelazwa wiki tatu hupoteza nguvu za miguu ambazo huenda zisirudi. Ningependa zaidi makao ambayo mzee ameanguka mara moja, familia ikapigiwa simu siku hiyo hiyo, presha ikapimwa akiwa amelala na akiwa amesimama, dawa zikapitiwa upya, na taa ya njia ya chooni ikarekebishwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini familia ihangaike hivi, serikali si ndiyo ipime na kututangazia? Naam, na ziko nchi zinazofanya hivyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1987 baada ya malalamiko ya miaka mingi, ikampa mzee haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au urahisi wa wafanyakazi, ikaagiza kila mkazi apimwe hali yake kwa fomu moja ya nchi nzima, na ikataka walezi wapate angalau saa 75 za mafunzo. Wakaguzi huja bila kutangaza, na haitakiwi kupita miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Desemba 2008 serikali ya shirikisho ikaanza kuyapa makao nyota, moja hadi tano, kwa kuchanganya mambo matatu: matokeo ya ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya hali ya wazee. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Wenzetu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanaofanya kazi ya ulezi huko wanazifahamu nyota hizo kwa mikono yao.

Kilichotokea baadaye kinapaswa kutufunza kabla hatujaiga. Mwanzoni idadi ya wafanyakazi ilitokana na taarifa za makao yenyewe. Tangu mwaka 2016 yalilazimishwa kuwasilisha kumbukumbu za mishahara, na picha ikabadilika: wafanyakazi walikuwa wachache kuliko ilivyokuwa imesemwa, na Jumamosi na Jumapili walipungua sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2020 ukalinganisha bili za hospitali na taarifa za makao, ukakuta kwamba kati ya maanguko yaliyowaumiza wazee hadi kulazwa, yaliyoripotiwa na makao yalizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Kisha dawa za akili zilipoanza kuhesabiwa kwenye nyota, wazee wenye skizofrenia wakiwa hawamo katika hesabu hiyo, ghafla wazee wengi wakaandikiwa kwamba wana skizofrenia, ugonjwa ambao kwa kawaida huanza ujanani. Gazeti la New York Times lilifichua hilo mwaka 2021, na mwaka 2023 serikali ikaanza kuyakagua makao kwa ajili ya jambo hilo hasa. Nyota zilizotokana na macho ya mkaguzi na karatasi za mishahara zilisimama. Zilizotokana na makao kujisifu zilitetereka.

Idadi ya walezi yenyewe bado inagombewa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kiwango cha chini cha saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho kule Texas ikakitengua kabla hakijaanza kutumika.

England inafanya kwa njia nyepesi zaidi ambayo naipenda. Wakaguzi wake huuliza maswali matano: je, makao ni salama, yanaleta manufaa, yana upole, yanaitikia mahitaji ya kila mtu, na yanaongozwa vizuri? Hukumu hutolewa katika daraja nne, na tangu Aprili 2015 makao yanalazimika kuibandika mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Karatasi moja ukutani. Hilo halihitaji kompyuta wala mkopo kutoka ng'ambo.

Kwetu sheria hazikosekani. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na kwa serikali. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwishoni mwa 2024, ina ibara nzima kuhusu makao: kwamba kuishi humo kuwe hiari ya mzee, kwamba huduma ifikie viwango vya chini vya taifa, na kwamba aliye katika siku zake za mwisho apate dawa za maumivu. Anachokosa mwananchi ni karatasi ile ya ukutani.

Mpaka itakapokuja, itabidi utumie macho yako, na yasiishie kwenye ngozi na mizani. Sikiliza wazee wanavyosalimiwa. Mlezi kijana anayempa bibi shikamoo na kusubiri marahaba yake kabla ya kumgusa amekuonyesha mengi kwa sekunde mbili. Tazama kama pazia huvutwa wakati wa kuogesha, kama mama anaogeshwa na mwanamke, kama anayeswali anasaidiwa kutawadha na anayekwenda misa anakumbukwa Jumapili. Kuna mtu anayezungumza lugha ya mzee? Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza kufuta lugha za ukubwani, na bibi aliyebaki na Kikamba tu hawezi kukuambia kwa Kiswahili kwamba tumbo linamuuma.

Na uliza swali ambalo watu huliogopa: mzee wa mwisho kufariki hapa, alifarikije? Alikuwa na nani? Maumivu yalitulizwa kwa dawa gani? Uganda ilianza kutoa morfini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa mahututi tangu mwaka 1993 kupitia Hospice Africa Uganda, nayo ni dawa ya bei nafuu inayotolewa pia kwa utaratibu maalumu Kenya na Tanzania. Makao yanayosema tulimwita daktari, tukakaa naye, tukawapigia watoto, yanastahili sikio lako. Yanayosema "hapa hatuna mambo hayo" huenda huwapeleka wazee hospitali usiku wa mwisho wafie koridoni.

Kwa wizara zinazohusika na wazee, na kwa serikali za kaunti, ombi langu ni dogo. Kagueni bila kutoa taarifa, mwende pia usiku na Jumapili, mtazame karatasi za mishahara na ngozi za wazee, na mnachokiona mkibandike mlangoni kwa Kiswahili ambacho mtoto wa mzee huyo ataweza kukisoma. Na wewe mwenye mzazi huko, usipige simu kwanza. Nenda Jumapili hii wakati wa chakula cha jioni, ukae hadi sahani zikusanywe, kisha umuombe ruhusa umfunue miguu.